Kupasha moto mabati ya mota na transfoma: kutoka panchi hadi kipimo cha mwisho

Chukua bati jipya la silikoni, lipime upotevu wake, kisha likate vipande vyembamba vya upana wa milimita tano na uvipime vyote kwa pamoja. Chuma ni kilekile, unene ni uleule, mipako haijaguswa, lakini wati zinazopotea zimepanda. Panchi, yaani mashine iliyokata, imeuponda ukingo, na chuma kilichopondwa hakikubali tena kufuata sumaku kwa wepesi. Jeraha hilo huingia ndani kwa sehemu za milimita, wakati mwingine hadi milimita kadhaa kama kisu kilikuwa butu. Kwenye jino jembamba la stata, sehemu ya mota isiyozunguka, hapo ni karibu jino zima.

Tanuri linaweza kuliponya jeraha hilo. Linaweza pia kuliua bati kabisa. Wengi wetu tunaoanza huhangaika na kipimajoto, kumbe kinachoharibu kazi ni mafuta yaliyobaki juu ya bati na hewa iliyomo tanurini. Nitakwenda hatua kwa hatua, ila hatua nyingine nitazipita haraka kwa sababu hazina mengi.

KWANZA, NINI KINABADILIKA NDANI

Bati ni mkusanyiko wa punje, na kila punje ni fuwele moja. Fuwele ya chuma imejengwa kama mchemraba. Ukingo wa mchemraba ndiyo njia rahisi ya sumaku kupita, na mshazari unaotoka kona moja hadi kona ya upande wa pili ndiyo njia ngumu kuliko zote. Ndani ya punje kuna kanda ndogo za sumaku zilizotenganishwa na kuta. Umeme wa hezi 50 unapopita kwenye koili, kuta hizo husukumwa huku na kule mara 100 kwa sekunde. Kila zinapokutana na kizuizi hunasa, halafu hunasuka ghafla, na kila mnasuko hutoa joto kidogo. Hiyo ndiyo histeresisi. Vizuizi vyenyewe ni mipaka ya punje, chembe za kabidi (chuma kilichoungana na kaboni), oksidi, na zile kasoro za mpangilio wa atomi ambazo panchi huzizalisha kwa wingi pale ukingoni.

Upotevu wa pili unatokana na mikondo ya eddi, yaani umeme unaozunguka ndani ya bati lenyewe kama maji kwenye kizingia. Huu haumalizwi na moto. Dawa zake ni silikoni, ambayo ikifika asilimia 3 huongeza ukinzani wa chuma zaidi ya mara nne, pamoja na bati jembamba na mipako inayotenga bati na bati. Ukipunguza unene kwa nusu, mikondo hiyo hubaki robo. Kitu pekee ambacho tanuri linaweza kufanya hapa ni uharibifu: likiunguza mipako, mabati hugusana na faida yote ya kuyatenga hupotea.

Moto hufanya kazi kwa ngazi. Atomi zinapopata joto la kutosha, hujipanga upya na kasoro hupungua. Joto likipanda zaidi, sehemu iliyopondwa sana huzaa punje mpya kabisa. Ukiendelea kukaa hapo, punje kubwa humeza ndogo. Punje kubwa zina mipaka michache, kwa hiyo histeresisi hushuka. Lakini usishangilie mapema: kuta za sumaku nazo hukaa mbalimbali, hulazimika kukimbia zaidi, na upotevu wa aina ya tatu, unaoitwa wa ziada, hupanda. Ndiyo maana kwa kazi ya hezi 50 ukubwa unaofaa ni kati ya mikromita 100 na 200 hivi, na kwa mota za kasi kubwa, kama za magari ya umeme, punje ndogo zaidi zinafaa. Anayekuambia kwamba punje kubwa ni bora siku zote amejifunza nusu ya somo.

HATUA YA 1: JUA UMESHIKA BATI GANI

Soma namba yake. M400-50A maana yake ni upotevu usiozidi wati 4.00 kwa kilo, kwenye tesla 1.5 (wingi wa sumaku ndani ya bati) na hezi 50, unene wa milimita 0.50. Herufi A inasema ni bati lisilo na uelekeo, yaani punje zake hazikupangwa upande mmoja, na limekamilika kiwandani. K ni bati lililoachwa nusu ili mnunuzi amalize kazi tanurini kwake. S ni bati lenye uelekeo, la transfoma.

Tofauti hizi zinaamua kila kitu. Bati la A linahitaji tu kuondolewa mkazo, lile jeraha la panchi. Bati la K lilipitishwa kwenye rola kidogo mwishoni kwa makusudi, ili punje zake zikue likipata moto, na mara nyingi bado lina kaboni inayotakiwa kutolewa. Ukilipasha kama A, utapata bati lililolegea mkazo lakini bado baya.

Bati la S lina hadithi yake. Norman Goss, Mmarekani, alipata hataza mwaka 1934 ya njia ya kulipitisha bati likiwa baridi kwenye rola na kulipasha moto kwa zamu, hadi punje zote zikaelekeza ukingo rahisi wa mchemraba upande mmoja, ule wa rola. Kiwandani hatua ya mwisho hufanyika kwenye nyuzi za Selsiasi karibu 1,200 ndani ya haidrojeni kavu, kwa siku kadhaa, ambapo punje chache zenye uelekeo sahihi huzimeza nyingine zote na kufikia ukubwa wa milimita, hata sentimita. Hilo huwezi kulirudia kwenye tanuri dogo, na huna haja. Wewe unaondoa tu mkazo wa kukata na kukunja.

Uliza pia kama bati la S limechorwa kwa leza. Mistari ile ya leza hupunguza upotevu kwa kuweka mkazo mdogo juu ya bati, na moto wa kuondoa mkazo hauchagui: utaifuta nayo. Mabati yaliyochongwa mifereji halisi yanavumilia, ya leza ya kawaida hayavumilii. Nimeona kiini (rundo la mabati ya transfoma) cha bei kubwa kikirudishwa kuwa cha kawaida kwa uzembe wa kutouliza swali hili moja.

Mwisho, angalia mipako. Ile ya vanishi tupu, inayojulikana kama C-3, itaungua. C-4 na C-5 zimetengenezwa kuvumilia joto la kuondoa mkazo.

HATUA YA 2: PIMA KABLA

Asiyepima kabla hana la kusema baadaye. Maabara hutumia fremu ya Epstein, yenye vipande vya upana wa milimita 30 na jumla ya mizunguko 700 ya waya kwa kila koili. Kama huna, tengeneza pete.

Mfano: pete zenye kipenyo cha nje milimita 100 na cha ndani 80, zilizopangwa hadi kimo cha milimita 20. Eneo la mkato ni 10 × 20, yaani milimita za mraba 200. Toa nafasi ya mipako na hewa (chukua 0.95) unapata 190. Zungushia mkanda wa kuhami, maana ukingo wa panchi hukata waya, kisha funga koili mbili za mizunguko 200 kila moja. Ya kwanza unaipa umeme, ya pili unaisoma tu.

Volti ya koili ya pili = 4.44 × hezi × mizunguko × eneo × tesla. Kwa tesla 1.5 na hezi 50:

4.44 × 50 × 200 × 0.00019 × 1.5 = volti 12.65

Ongeza umeme taratibu hadi koili ya pili isome hiyo. Watimita ichukue mkondo kutoka koili ya kwanza na volti kutoka koili ya pili. Kwa njia hiyo joto la waya wa shaba haliingii kwenye hesabu, na kwa kuwa mizunguko ni sawa unasoma moja kwa moja. Rundo hilo lina uzito wa gramu 410 hivi. Bati la wati 4 kwa kilo lingetakiwa kusoma karibu wati 1.6. Lililotoka kwenye panchi litasoma zaidi, na ziada hiyo ndiyo unayoipigania. Andika namba kwenye daftari, si kichwani. Kisha fungua waya wote, usiache hata kipande cha mkanda.

HATUA YA 3: OSHA

Hapa ndipo nataka ukae kidogo.

Mara ya kwanza kuachiwa tanuri peke yangu, nilipanga rundo la mabati ya rota kama yalivyotoka kwenye panchi. Niliyafuta kwa kitambaa, nikaona yanang'aa, nikaridhika. Joto lilikwenda kama lilivyoandikwa, gesi ilikuwa safi, kupoza kulikuwa polepole. Rundo likatoka na kingo za rangi ya fedha, zuri la kupigia picha. Lakini upotevu ulikuwa juu kuliko kabla ya moto. Nilipotenganisha mabati ya katikati kwa ncha ya kisu, nilikuta doa jeusi la mviringo. Nilipitisha kidole, kikatoka na masizi.

Mafuta ya panchi yaliyonaswa kati ya bati na bati hayana pa kutokea. Yakifika nyuzi mia kadhaa yanavunjika na kuacha kaboni, na kaboni kwenye nyuzi 800 huzama ndani ya chuma kama maji kwenye mchanga. Tulikata kipande, tukakisugua hadi kikawa kioo, tukakipaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, na chini ya hadubini tukaona chembe za kabidi zimejipanga kwenye mipaka ya punje karibu na uso. Kiwandani wanahangaika kuishusha kaboni chini ya asilimia 0.003, mimi niliirudisha kwa kitambaa kichafu.

Kwa hiyo: loweka mabati yakiwa yametenganishwa kwenye kiyeyusho au maji moto yenye sabuni ya alkali, suuza, kausha mpaka ndani. Tumia mafuta ya panchi yanayovukiza kama una uchaguzi. Na hata baada ya kuosha, panga kituo cha kuunguza mabaki, nitakitaja kwenye hatua ya 6.

HATUA YA 4: PANGA RUNDO

Kwenye nyuzi 800 bati halina ugumu wa kujivunia. Linainama kwa uzito wake. Lilaze rundo juu ya sahani nene iliyonyooka ya chuma chenye kaboni kidogo au chuma kisichoshika kutu. Usitumie chuma cha kumimina, kina kaboni tele na atakayeigharamia ni bati lako. Weka sahani nyingine juu ili rundo lisijikunje, lakini isiwe nzito mno, mabati yasije yakagandana.

Themokapo moja, kipimajoto cha waya, iwe katikati ya rundo. Ile ya ukutani inakuambia habari za tanuri, haikuambii habari za chuma. Joto hupita vizuri likifuata urefu wa bati, lakini hupita kwa shida kutoka bati hadi bati, kwa sababu ya mipako na tabaka za gesi. Rundo refu lenye mabati mapana litachelewa sana katikati.

HATUA YA 5: TOA HEWA, WEKA GESI

Kwa mabati ya A na S tumia naitrojeni kavu, au naitrojeni yenye haidrojeni kidogo. Mchanganyiko usiozidi asilimia 5 ya haidrojeni, ulionunuliwa ukiwa umechanganywa tayari, hauwaki, na kwa karakana ndogo sioni sababu ya kwenda juu ya hapo. Haidrojeni kwenye hewa hulipuka kuanzia asilimia 4 hadi 75, mlango mpana kuliko wa gesi nyingi. Mwenye kutumia haidrojeni nyingi lazima awe na mfumo wa usalama uliojengwa kwa kazi hiyo, si valvu iliyofungwa na fundi kwa kubahatisha.

Pitisha naitrojeni angalau mara tano ya ujazo wa tanuri kabla ya kuwasha. Na usiidharau kwa kuwa haiwaki: ikijaa chumbani hufukuza oksijeni, na mtu huanguka bila kusikia harufu yoyote. Bomba la kutolea lipeleke nje.

Ukavu una sababu yake. Unyevunyevu huleta oksijeni, na oksijeni haishambulii chuma kwanza, hushambulia silikoni na alumini zilizochanganywa ndani yake. Huingia chini ya uso na kutengeneza vijichembe vya oksidi ambavyo huwezi kuvisugua, navyo hunasa kuta za sumaku. Bati linaweza kutoka safi machoni na kuwa limeharibika ndani. Ajabu ni kwamba bati la K hutaka kinyume chake: gesi yenye haidrojeni na unyevu uliopimwa, kwa sababu mvuke wa maji ndio unaoichukua kaboni na kuondoka nayo ikiwa gesi ya monoksidi. Unyevu ukizidi, unarudi kwenye oksidi. Monoksidi hiyo ni sumu, tena bomba litoe nje.

HATUA YA 6: PANDISHA JOTO

Panda taratibu hadi nyuzi 350 hadi 425, ukae hapo gesi ikipita kwa nguvu hadi moshi wa mafuta uishe kwenye bomba la kutolea. Kituo hiki kinapoteza saa moja na kuokoa siku nzima.

Kisha endelea. Kwa bati la A, nyuzi 750 hadi 800 kwa saa moja hadi mbili. Kwa bati la S, karibu 800 hadi 820 kwa muda kama huo. Kwa bati la K, fuata karatasi ya mtengenezaji. Kwa kawaida ni kati ya 760 na 845. Saa inaanza kuhesabiwa themokapo ya katikati ikifika, si ya ukutani.

Kishawishi cha kupandisha hadi 900 kipo, hasa kipimo cha kwanza kikikuvunja moyo. Mipako mingi huanza kushindwa juu ya 850, na mabati hugandana. Chuma chenye silikoni kidogo kina hatari nyingine: chuma safi hubadili mpangilio wa fuwele kwenye nyuzi 912, na kikipoa hubadilika tena, kikivuruga punje ulizozilea. Silikoni ikizidi asilimia 2 hivi na kaboni ikiwa chini kabisa, badiliko hilo halitokei, lakini mabati ya daraja la chini hayana silikoni hiyo.

HATUA YA 7: POZA

Usifungue mlango. Rundo likipoa haraka, mabati ya nje husinyaa kabla ya yale ya ndani, na unarudisha mkazo uleule uliolipia umeme kuuondoa. Tena, kaboni kidogo iliyobaki hunaswa ndani ya fuwele badala ya kutulia, itakusumbua baadaye. Nyuzi 50 hadi 100 kwa saa zinafaa, gesi ikiendelea kupita hadi chini ya 350.

HATUA YA 8: RANGI YA BULUU, UKITAKA

Kwa mabati yasiyo na mipako imara, ukiwa kwenye kupoza simama kati ya nyuzi 450 na 550 uingize mvuke wa maji. Lakini kwanza hakikisha hakuna haidrojeni tanurini. Utapata ngozi nyembamba ya magnetaiti, oksidi ya chuma yenye rangi ya buluu iliyokolea, inayotenga bati na bati na kuzuia kutu. Usiingize mvuke juu ya 570, huko huzaliwa oksidi ya aina nyingine, inayobanduka kama magamba.

HATUA YA 9: PIMA TENA, KISHA SOMA BATI

Funga koili zilezile, mizunguko ileile, volti ileile 12.65. Soma wati. Pima pia mkondo unaohitajika kufika tesla 1.5, unapaswa kuwa umeshuka. Kwenye nguvu kubwa ya sumaku, tuseme ampea 5,000 kwa mita, usitarajie badiliko kubwa la tesla: huko kinachotawala ni mchanganyiko wa chuma na uelekeo wa punje, si mkazo. Kama namba ya huko imeruka, mshuku kipimo chako kabla ya tanuri.

Upotevu ukiwa umepanda, tenganisha mabati. Masizi ni mafuta. Magamba meusi ni hewa iliyovuja joto likiwa juu. Kahawia au buluu nyepesi kwenye kingo tu ni hewa iliyoingia wakati wa kupoza, haina madhara makubwa. Mabati yaliyogandana ni joto au uzito uliozidi. Na kama bati ni la kijivu, safi, halina kasoro ya kuonekana, lakini mkondo wa kulitia sumaku umekuwa mkubwa, fikiria oksidi ya chini ya uso na ukague ukavu wa gesi.

Baada ya hapo usilipige nyundo, usilikunje, usilikaze kwa bolti kuliko inavyohitajika. Anayerudisha waya mpya kwenye stata ya zamani naye azingatie: kuunguza vanishi kwa tanuri la kawaida lenye hewa kusipite nyuzi 370 hivi kwenye chuma chenyewe, kwa sababu pale hakuna gesi ya kulinda mipako.

Kipimo cha mwisho ni cha uzee. Chukua pete ileile, iweke kwenye oveni nyuzi 225 kwa saa 24, ipoze, uipime tena. Kaboni iliyonaswa itatumia joto hilo kujikusanya kuwa kabidi, kama ambavyo ingefanya ndani ya mota kwa miaka. Wati zikibaki palepale, kiini kipeleke kwenye waya. Zikipanda, rudi kwenye hatua ya 3 na uanze kuuliza mabati yalioshwaje.